Waya wa Breki au Mshipi wa Nailoni: Uzi wa Kufunga kwenye Zeze Huku Nyanda za Juu

Barazani kwangu Kihesa, Iringa, yananing'inia mazeze mawili. Vibuyu vyake vilivunwa shamba moja kule Pawaga, ngozi ni za mbuzi mmoja, mipini ilitoka kwenye gogo moja la mninga. Kinachoyatofautisha ni uzi. La kushoto limefungwa waya uliochomolewa kwenye breki ya baiskeli. La kulia limefungwa mshipi wa nailoni, huu wa kuvulia samaki. Niliyatengeneza hivyo kwa makusudi, maana mwezi haupiti bila kijana kusimama mlangoni na kuuliza: "Shikamoo fundi. Eti nifunge waya au nailoni?" Siku hizi nikishaitikia marahaba, sijibu kitu. Namkabidhi yote mawili pamoja na kigoda, akae nayo hadi chai ichemke.

Wewe uliye Mbeya, Makete au Kyela huwezi kuja kukaa kwenye kigoda hicho, kwa hiyo nitajaribu kukusikilizisha kwa maandishi. Zeze ninalolizungumzia ni hili la kibuyu na ngozi, lenye nyuzi mbili, linalopigwa kwa upinde na mara nyingine kwa kidole. Ndugu zetu Wagogo wanalo lenye nyuzi nyingi zaidi. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alilifikisha kwenye majukwaa ya ng'ambo. Mengi nitakayosema yanafaa kwa hilo pia.

Jambo la kwanza ni mpangilio wa kazi. Wengi wakitaka zeze huanza na kibuyu, wakaja kwenye ngozi, wakachonga vigingi vya kukazia nyuzi, halafu mwisho kabisa wanafunga uzi wowote walioukuta dukani. Huko ni kuanzia mkiani. Uzi ndio unaoamua kigingi kiweje, daraja (kile kijiti kinachoinua nyuzi juu ya ngozi) liwe na kimo gani, ngozi ivutwe kiasi gani, hata ulimbo, yaani utomvu unaopakwa kwenye upinde, uwe mkavu vipi. Chagua uzi kwanza, vingine vitafuata.

Zeze la mama wa Ipogolo

Hili nilijifunza kwa kuharibu mali ya mtu. Nilikuwa kijana, mwaka wangu wa pili katika kazi hii, mama mmoja wa Ipogolo akaniletea zeze la marehemu baba yake. Nyuzi zake za nailoni zilikuwa zimechakaa, unene wake milimita 0.6. "Mwanangu, nifungie nyuzi mpya," akasema, "nataka nilisikie tena likilia." Nikaona nimfanyie hisani. Badala ya nailoni nikafunga waya, kwa kuwa sauti ya waya ni kali na hufika mbali. Nikatafuta waya wa unene uleule, 0.6, nikiamini kwamba unene ukilingana, na mengine yatalingana. Nikakaza mpaka sauti ikafika palepale ilipokuwa. Jioni ile zeze lililia vizuri sana. Usiku nikasikia pa! kama mtu anapasua kuni. Asubuhi nikakuta ngozi imechanika kutoka kwenye daraja hadi ukingoni, na mpini umepata ufa pale unapoingia kwenye kibuyu.

Sababu yake ni hesabu ambayo sikuwa nayo. Sauti ya uzi hutokana na mambo matatu: urefu wake, mkazo wake na uzito wake. Mfaransa Marin Mersenne aliichapisha kanuni hiyo mwaka 1636, na haijabadilika. Chuma ni kizito karibu mara saba ya nailoni kwa ujazo uleule. Kwa hiyo ukibadilisha nailoni ukaweka waya wa unene uleule, na ukataka sauti ileile, ni lazima ukaze karibu mara saba zaidi. Kwenye zeze lenye sentimita 45 kati ya kitanzi cha juu na daraja, ukitaka uzi utoe La ya chini, yaani mitetemo 220 kwa sekunde, nailoni ya 0.6 hukazwa kwa nguvu inayolingana na mzigo wa kilo moja na robo hivi. Waya wa 0.6 unadai karibu kilo tisa. Nyuzi zilikuwa mbili. Nilikuwa nimetundika karibu ndoo nzima ya maji juu ya ngozi ya mbuzi iliyozoea kubeba mizigo ya kilo mbili au tatu.

Tangu siku hiyo natembea na kanuni moja kichwani: nailoni iwe na unene wa karibu mara mbili na nusu ya waya, au zaidi kidogo, ndipo mkazo unapolingana. Waya wa 0.3 na nailoni ya 0.8 ni ndugu; vyote viwili huomba kilo mbili na kitu kwa sauti ile ya La. Mazeze yangu mawili yamefungwa hivyo hivyo, ndiyo maana ngozi na mpini wake vinafanana. Ukihama kutoka uzi mmoja kwenda mwingine, usilinganishe unene kwa macho. Gawanya au zidisha.

Kupata nyuzi zenyewe

Waya wa breki ya baiskeli ni hazina ambayo watu huitupa. Ule wa kawaida una unene wa milimita 1.5, na ukiufumua unakuta nyuzi 19 zilizosokotwa pamoja, kila moja ina unene wa karibu 0.3. Waya mmoja wa nyuma unakupa nyuzi za kutosha mazeze mengi, kwa bei isiyofika sahani ya wali. Waya wa gia ni mwembamba zaidi, nyuzi zake ni kama 0.24, zinafaa kwa uzi wa juu. Ufumue polepole ukiwa umeushika kwa koleo, na uso wako uuweke mbali, kwani ncha ikiponyoka hurukia jicho. Ukishatoka, uzi unabaki na mawimbi ya msokoto. Mawimbi hayo yakibaki, zeze litanguruma ovyo. Mimi huufunga juu ya mti, chini naning'iniza jiwe la kilo tatu, naliacha usiku kucha. Kuna wanaounyoosha kwa moto. Usifanye hivyo, moto unaua ugumu wa chuma na uzi unakuwa kama udongo.

Na tafadhali usitumie waya laini wa kufungia nondo. Ni wa bei rahisi na unapatikana kila ujenzi, lakini umelainishwa kiwandani ili upindike. Ukiukaza unarefuka tu, sauti inashuka kila dakika, mwisho unakatika.

Mshipi wa nailoni hauna mambo mengi. Ukienda Mwanjelwa au soko lolote linalouza zana za uvuvi, soma unene ulioandikwa kwenye kibandiko, vuta kipande ukipitishe katikati ya vidole viwili. Ukisikia vifundo au mikwaruzo, rudisha.

Kukaza na kulegeza

Hapa ndipo nyuzi hizi mbili zinapoachana kabisa, na hapa ndipo wanunuzi wengi hupotoshwa.

Nailoni huvutika. Kutoka ulegevu hadi sauti yake, ile nailoni ya 0.8 inarefuka milimita sita, saba, hata nane. Kigingi cha mti chenye kipenyo cha milimita nane kinahitaji kuzungushwa karibu robo mzunguko kumaliza safari hiyo. Mkono una nafasi ya kutosha ya kutafuta sauti, ukikosea kidogo sauti inakosea kidogo. Waya haurefuki hivyo. Safari yake yote, kutoka kulegea hadi La, haifiki milimita moja. Kwa kigingi kilekile hiyo ni sehemu ndogo sana ya mzunguko, kama mshale wa dakika ukitembea kutoka saa sita hadi dakika mbili mbele yake. Ndani ya kasafari hako kafupi zimo sauti zote. Ukigusa, umepita. Ukirudisha, umeshuka mno. Nimewaona vijana wakiapa kwamba zeze lao lina pepo, kumbe lina waya kwenye kigingi cha mti.

Kwa hiyo, ukichagua nailoni, kigingi cha mti kinatosha na mimi nakipenda zaidi. Kichonge chembamba upande mmoja ili kijibane kwenye tundu lake. Kikiteleza, kipake chaki. Kikikwama, kisugulie sabuni kavu ya kipande. Fundo la nailoni lizungushe mara tatu kabla ya kukaza, kwa sababu nailoni ni mtelezi na fundo moja hujifungua lenyewe.

Ukichagua waya, tafuta vifunguo vya gitaa. Gitaa bovu halikosekani mjini, na vifunguo vyake huwa bado vizima wakati mwili umeshapasuka. Vingi vimeundwa hivi kwamba unazungusha kichwa mara 14 ndipo mhimili wa uzi uzunguke mara moja, na hiyo ndiyo subira ambayo waya unaidai. Ukivifunga, uimarishe mpini pale juu kwa kipande cha ubao, skrubu zisije zikaupasua. Ikiwa vifunguo huvipati, ipo njia ya wazee: weka kigingi cha mti ufike karibu na sauti, chini yake kidogo, kisha nyuma ya daraja zungusha kamba ndogo inayozibana nyuzi mbili pamoja. Ukiikaza kamba hiyo, nyuzi zinasogeleana na sauti inapanda taratibu. Tatizo ni kwamba zinapanda zote mbili kwa pamoja.

Lipo na upande wa subira nyingine. Waya ukishatulia umetulia; kesho yake unaweza kwenda kwenye shughuli. Nailoni mpya inaendelea kurefuka siku tatu, nne, hata wiki. Usiifunge Ijumaa kwa ajili ya harusi ya Jumamosi. Mwanafunzi wangu mmoja alifanya hivyo, akatumia sherehe nzima akizungusha vigingi huku wenzake wakiimba.

Daraja

Waya hutetemeka kwenye njia nyembamba. Nailoni hucheza kwa upana. Ndiyo maana daraja la waya liwe fupi, na la nailoni lipande. Kwenye mazeze yangu la waya lina milimita 14, la nailoni 20. Waya uliowekwa juu sana una shida ya pili: kidole kinapoubonyeza unakazika upesi kwa sababu hauvutiki, na sauti inapaa kuliko ulivyokusudia. Wanaolalamika kwamba hawana sikio, wengi wao wana daraja refu tu.

Waya pia unakata. Daraja la mwanzi laini litachongwa na waya hadi uzi uzame ndani na sauti ifubae. Tumia mti mgumu au kipande cha pembe ya ng'ombe. Kwa nailoni, mwanzi wa ulanzi uliokauka vizuri ni mzuri ajabu: mwepesi, unapitisha sauti bila kuinywa. Mfereji wa uzi uwe na kina cha nusu ya unene wa uzi, usizidi. Daraja ukilisogeza katikati ya ngozi, sauti inanenepa lakini ngozi inachoka. Ukilisogeza ukingoni, sauti inakonda na ngozi inapumzika. Waya mimi huuweka theluthi moja kutoka ukingoni.

Baridi, ukungu na mvua

Watu wa Dar es Salaam huniambia zeze ni zeze popote. Hawajawahi kulipiga Makete mwezi wa saba saa kumi na mbili asubuhi.

Chuma kikipoa hupungua urefu, mti wa mpini haupungui sana. Kwa hiyo waya hupanda sauti kukiwa na baridi na kushuka jua likiwaka. Ukipatanisha zeze la waya ndani ya nyumba yenye moto, ukatoka nje Njombe kwenye baridi, utasikia limepaa kabla hujamaliza wimbo wa kwanza. Dawa ni kulitoa nje robo saa kabla ya kupatanisha.

Mvua ni jambo jingine, na nalitaja kwa kirefu kwa sababu hapa watu hufanya uamuzi kinyume. Wanasema: "Natoka Tukuyu, kwetu mvua hazikatiki, nipe waya, ni imara." Waya ni imara, ngozi siyo. Ngozi ya mbuzi hunywa unyevu wa hewa, inalegea, na daraja linazama. Sasa kumbuka ile milimita moja ya safari ya waya. Daraja lenye kimo cha milimita 20, lililo sentimita sita kutoka kwenye mkia wa zeze, likizama milimita moja tu, waya hupoteza zaidi ya theluthi ya mkazo wake. Sauti haishuki kidogo, inaanguka. Nailoni ya mkazo uleule, kwa sababu ilikuwa imevutika milimita saba au nane, hupoteza chini ya sehemu moja ya kumi. Utaisikia imeshuka, lakini kukisogeza kigingi kidogo tu kunairudisha. Nailoni yenyewe hunywa maji kidogo, ni kweli, na inalegea kwa sababu hiyo. Hata hivyo inasamehe maovu ya ngozi kuliko waya.

Kuna na kutu. Waya wa breki uliopakwa zinki hustahimili kiasi, lakini jasho la vidole na ukungu wa Mufindi na Rungwe huumaliza. Kutu hailii tu chuma, inafanya uzi uwe mzito mahali na mwepesi mahali, na hapo hakuna atakayeupatanisha. Futa waya kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya nazi kila umalizapo, ukiacha sehemu inayopigwa na upinde ikiwa kavu, na ubadilishe kila msimu wa mvua unapoisha.

Kwa upande wa Iringa mjini kuanzia Juni hadi Oktoba, hewa ni kavu na upepo ni mwingi. Ngozi hukaza, daraja husimama, nyuzi zote hupanda. Hapo hatari ni kuchanika. Legeza nyuzi kabla ya kulala, hasa za waya, na usilitundike zeze juu ya jiko kwa fikira kwamba unalitunza.

Kyela nayo iko chini, joto na unyevu vyote kwa pamoja. Huko sijawahi kumshauri mtu afunge waya.

Juu ya ngozi yenyewe sina mengi. Ya mbuzi ndiyo ninayotumia. Wengine hutaka ya kenge kwa sababu ni nyembamba na haibadiliki sana na unyevu. Kenge ni mnyamapori, na kumuwinda bila kibali ni kosa kisheria. Mbuzi anatosha.

Upinde na ulimbo

Upinde hauimbishi uzi kwa kuusugua tu; unaushika, unauvuta, unauachia, mamia ya mara kwa sekunde. Kinachoshika ni ulimbo. Waya mwembamba huitika mara moja, hata upinde ukipita kwa wepesi. Nailoni ya 0.8 ni nene na inateleza, inataka ulimbo zaidi na mkono mzito kidogo, na mwanzo wa kila sauti unakuja kama mtu anayesafisha koo. Wanaopiga nyimbo za haraka huiona nailoni nzito. Wanaopiga maombolezo au nyimbo za kubembeleza mtoto huipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Ulimbo mzuri tunao mlangoni. Misonobari ya Sao Hill, Mufindi, inagemwa utomvu, na ukiomba kwa wagemaji watakupa donge. Utomvu mbichi lakini ni gundi. Ukiupaka kwenye upinde nyuzi za katani zitashikana kama nywele zilizomwagikiwa asali. Ni lazima upikwe ili tapentaini iliyomo itoke. Weka kwenye kopo, kopo uliweke juu ya karai la mchanga, karai juu ya makaa machache, na ufanye hayo nje, mbali na nyumba, kwa kuwa mvuke wake unashika moto. Uwe na kifuniko mkononi. Ili kujua umeiva, dondosha tone kwenye maji baridi: likipinda, endelea, likivunjika kama kioo, epua. Kwa nailoni mimi huepua mapema kidogo, likiwa bado na ulaini wa mbali. Kwa waya naliacha likauke kabisa, kwani waya ukipakwa ulimbo laini hupiga kelele kama mlango usio na mafuta.

Wakati wa baridi ulimbo uliokuwa sawa Kyela unakuwa mgumu Makete. Uweke mfukoni karibu na mwili kabla ya kuupaka.

Unapiga na nani?

Kama unapiga na kwaya yenye kinanda na gitaa, zeze lako lazima lifuate La yao ya 440, au La ya chini ya 220. Huko programu ya simu inatosha: gonga uzi, tazama mshale, kaza. Waya na vifunguo vya gitaa vitakubebea kazi hii vizuri. Na ikiwa mtatumia spika, kuna jambo la kuamua: kinasa sauti cha sumaku, kile kinachobandikwa chini ya nyuzi za gitaa, husikia chuma peke yake. Nailoni kwake ni bubu. Ya nailoni itahitaji kile kidude cha bapa kinachobandikwa kwenye ngozi, au maikrofoni ya kawaida mbele ya kibuyu.

Kama unapiga na waimbaji wetu wa zamani, weka simu mfukoni. Muziki wa Wagogo umejengwa juu ya sauti zinazotoka ndani ya uzi mmoja wenyewe. Gusa uzi kwa wepesi katikati, utasikia oktavu. Gusa theluthi, robo, humusi, kila mahali panatoa sauti yake. Sauti hizo si zile za kinanda. Tukiuita uzi mtupu Do, ile inayotoka kwenye sehemu ya tano iko chini kidogo ya Mi ya kinanda, na ile ya sehemu ya saba iko chini sana ya Ta inayoikaribia, karibu theluthi ya nusu toni. Mzee aliyenifundisha hakuwa na maneno haya. Aliniambia tu, "Usilazimishe, iache ikae inapotaka." Ukimletea mzee kama huyo zeze lililopatanishwa kwa simu, ataimba, lakini uso wake utakuambia.

Na hapa waya unashinda bila ubishi. Sauti hizo za ndani zinasikika wazi juu ya waya mwembamba, hata ya saba, kiasi kwamba unaweza kupatanisha uzi wa pili kwa kuusikiliza wa kwanza. Kwenye nailoni nene unazipata tatu au nne za mwanzo, zilizobaki zinazimika haraka. Kwa hiyo anayetaka kujifunza upatanishaji wa kizamani kwa sikio lake mwenyewe, ninamfungia waya hata kama baadaye atarudi kwenye nailoni.

Kano, na ligombo

Wapo wanaouliza juu ya kano la ng'ombe, uzi wa babu zetu. Sauti yake ina joto ambalo nailoni hulikaribia bila kulifikia, na hushika ulimbo vizuri. Lakini kupata kano refu lenye unene sawa ni kazi, na unyevu wa Rungwe huligeuza tambi. Litengeneze kama unalipenda, si kama una shughuli wiki ijayo.

Ligombo nalo lina hesabu zake. Ni ule ubao wa Wahehe uliochimbwa kama hori, wenye kibuyu, ambao Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, aliurekodi alipopita Tanganyika mwaka 1950. Uzi wake ni mmoja mrefu unaokwenda na kurudi kwenye mapengo ya ncha zote mbili, na kuupatanisha ni kuvuta kipande kimoja ukikihamishia ulegevu kwenye kinachofuata. Hakuna ngozi, kwa hiyo lile tatizo la daraja kuzama halipo, na waya unafaa. Tena unafaa kuliko nailoni: nailoni inayoendelea kurefuka ikiwa imepita mapengo yote hayo itakufanya uanze upya kila asubuhi.

Kuchanganya je, uzi mmoja waya na mwingine nailoni kwenye zeze moja? Nimejaribu. Siku ya kwanza ni tamu sana, chini kunanguruma, juu kunalia. Baridi ikija, waya unakwenda njia yake na nailoni yake, na kila saa unapatanisha. Sijafunga tena hivyo kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo nikiulizwa kwa jina la mahali, jibu langu ni hili. Iringa mjini, Mbeya mjini, mtu anayepiga na bendi au kwaya: waya wa 0.3 na vifunguo vya gitaa. Njombe na Makete: waya, akikubali kuutoa nje kabla ya kupatanisha. Tukuyu, Mufindi kwenye ukungu, Kyela: nailoni ya 0.8 na kigingi cha mti. Mtoto wa shule, popote alipo: nailoni ya 0.6, kwa sababu waya utamkata vidole na ataliacha zeze kabla hajalipenda.

Mwaka juzi binti mmoja alifika hapa barazani akiwa na mfuko wa khanga. "Kamwene, babu," akasalimia. Ndani ya mfuko mlikuwa na zeze lenye kiraka cha ngozi kwenye ukingo na mpini uliofungwa uzi na gundi pale unapoingia kwenye kibuyu. Nililitambua kabla hajalitoa lote. Ni mjukuu wa yule mama wa Ipogolo, anafundisha shule ya msingi Tukuyu, na nyuzi zilikuwa zimekatika tena. Akaniuliza kama safari hii ajaribu waya. Nikampa kigoda na yale mazeze mawili, nikaenda kuweka chai. Niliporudi alikuwa ameshika la kulia. Nikamfungia nailoni ya 0.6, ileile aliyokuwa ameichagua babu wa mama yake, nikampa na kipande cha chaki kwa ajili ya vigingi.